Nilikwenda Kupumzika Nikashindwa

Mama mwenzangu, hebu nikuulize. Ni lini mara ya mwisho ulikaa kitako mchana kweupe, bila mboga ya kuchambua mapajani, bila mtoto wa kumkaripia, na moyo wako usikushitaki?

Mimi nilipoulizwa swali hilo na daktari mmoja aliyenipima presha na kuikuta imepanda, nilicheka. Nina miaka 46. Ni muuguzi kwa miaka zaidi ya ishirini, ni mke, ni mama wa watoto watatu, na jioni nikitoka kazini nina kikundi cha akina mama kanisani. Hapa kwetu Kondoa mwanamke akionekana amekaa tu, watu humuuliza kama anaumwa. Daktari hakucheka. Aliniandikia dawa, kisha akasema, "Sista, dawa hii bila mapumziko ni kumwaga maji kwenye mchanga."

Nilipomweleza Baba Neema, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Twende Unguja. Tuione bahari." Tulikuwa na akiba yetu ya kikoba ya miaka miwili. Nilijua ingetosha kuezeka upya banda la nyuma, na nilijua wenzangu watasema nini. Naam, walisema! Mmoja aliniambia kwamba kulala ufukweni ni mambo ya Wazungu. Mwingine aliniuliza kwa upole kama tumepata msiba huko pwani, maana kwa kawaida sisi husafiri kwa misiba na harusi tu.

Tuliondoka mwezi Julai 2025, alizeti ikiwa imekwisha kuvunwa.

Safari

Safari ya siku hizi si ile tuliyoizoea. Kutoka Kondoa hadi Dodoma ni lami, wakati zamani vumbi la njia hiyo ulilibeba mpaka kwenye kope. Dodoma tulipanda treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria mpaka Dar es Salaam mwaka 2024, na kwa muda wa kama saa nne hivi tukawa tumeshuka kutoka nyanda za juu mpaka kwenye joto la pwani. Asubuhi yake tukapanda boti ya mwendo kasi, ambayo huvuka hadi Unguja kwa saa mbili hivi.

Nawashauri mnaokwenda miezi ya Juni mpaka Septemba: huo ni wakati wa upepo wa kusi. Hali ya hewa ni nzuri, joto si kali, lakini bahari huchafuka. Kula chakula chepesi kabla ya safari, kaa katikati ya boti, tazama mbali kwenye upeo wa macho, tafuna kipande cha tangawizi. Mimi muuguzi niliyajua yote hayo, na bado nilitapika. Baba Neema alinishikia mfuko wa karatasi kama nilivyowashikia wagonjwa wangu miaka yote. Niliona aibu, kwa maana sikuzoea kuuguzwa.

Bandarini, vijana wanaotafuta wageni, ambao wenyeji huwaita papasi, hukuzunguka wakikupa hoteli, teksi na samaki kwa wakati mmoja. Sema "Ahsante, kaka, tumeshapata," endelea na safari yako, wala usikasirike. Na usisahau kitambulisho chako cha taifa. Katika nyumba nyingi za wageni sisi wenyeji hutozwa chini ya watalii wa nje, mradi uulize mapema.

Jumapili ya Mkunazini

Usiku wa kwanza tulilala Mji Mkongwe. Kesho yake, Jumapili, tulisali katika kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini. Wengi wenu mmesikia habari zake. Limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Nje kuna shimo lenye sanamu za watumwa, shingoni wana minyororo.

Nilisimama juu ya shimo lile muda mrefu. Njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilipita Ugogo na Mpwapwa kwenda Bagamoyo. Ni majirani zetu sisi watu wa katikati ya nchi. Niliwaza kwamba wako watu wa bara waliopelekwa kuiona bahari hii kwa mara ya kwanza wakiwa wamefungwa, na walichosubiri mbele yao ni kazi isiyokuwa na siku ya mapumziko. Mimi nimekuja kwa miguu yangu, nimelipa nauli yangu, halafu naona haya kupumzika! Neno lile lilinikaa moyoni: mtumwa hapumziki kwa sababu amekatazwa. Aliye huru asipopumzika kamwe, ni nani aliyemfunga?

Maji yalipokupwa

Jumatatu tulipanda gari kwenda Paje, pwani ya mashariki, kama kilomita 50 kutoka mjini. Njiani unapita msitu wa Jozani, wanakoishi kima punju, na tuliwaona wakirukaruka barabarani bila hofu.

Jamani, bahari ya Paje! Mchanga wake ni mweupe na laini kama unga wa muhogo, na maji yana rangi ambayo sisi wa mito ya mchanga hatujapata kuiona. Tulipewa chumba safi, kitanda chenye chandarua, na viti viwili chini ya mnazi.

Nami nikashindwa kupumzika. Siku ya kwanza nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilipanga upya begi mara mbili. Nilipiga simu nyumbani kuuliza kama kuku wamelishwa. Nilimkuta mfanyakazi wa nyumba ile akifagia uani, nikataka kumpokea ufagio, akaniambia, "Mama, ukinifanyia kazi yangu mimi nitakula nini?" Mama mmoja Mjerumani aliyekaa viti vya jirani, naye amestaafu ualimu, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwamba yeye huja kila mwaka, na kila mwaka siku mbili za kwanza hana raha. "Mwili unafika kwa ndege," alisema, "moyo unakuja kwa miguu." Mume na mke kutoka Mwanza waliokuja na watoto wao wanne walicheka waliposikia. Wao, walisema, moyo ulibaki bandarini kabisa, maana tangu wafike walikuwa wakihesabu watoto majini: mmoja, wawili, watatu, yuko wapi wa nne?

Jumanne asubuhi maji yalikupwa. Kwa mtu wa bara ni jambo la kushangaza: bahari inaondoka, inakwenda mbali mpaka kwenye mwamba, na unaweza kutembea mahali ambapo jana palikuwa na kina. Huko mbali niliona wanawake wameinama. Nilifikiri wanaokota chaza. Nilipokaribia niliona wanafunga mwani.

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara hapa Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Hupigilia vijiti kwenye mchanga, hufunga kamba, na juu ya kamba hufunga vipande vidogo vya mwani ambavyo hukua kwa majuma kadhaa. Ukivunwa huanikwa na kuuzwa nje, na dutu inayotolewa ndani yake huingia hata katika dawa ya meno na aiskrimu. Mama mmoja wa rika langu alinijibu salamu bila kuinuka. Nilimwambia tumetoka Kondoa kuja kupumzika. Akasema, "Karibuni sana. Nyinyi hapa ni mahali pa kulala, kwetu sisi ni shamba." Aliniambia kwamba maji siku hizi yana joto, mwani wa bei nzuri hufa ungali mchanga, na ule unaostahimili bei yake ni ndogo. Mguu wake ulikuwa na kidonda cha mwiba wa mdudu wa baharini. Nilimwomba aje jioni, nikamwosha kwa maji ya vuguvugu, nikatoa mwiba na kumfunga. Hiyo ndiyo saa pekee niliyofanya kazi katika safari ile ambayo siijutii. Alitaka kunilipa kwa sabuni ya mwani. Nilinunua sita.

Nilichotaka kukimbia

Jumanne hiyo usiku, maji yakiwa yamejaa, mimi na Baba Neema tulikaa kwenye vile viti viwili. Hatukuwa na la kusema. Tulizungumza habari za Neema chuoni, za wadogo zake, za kuku. Kisha tukanyamaza. Nilihisi hofu, nikaelewa kwa nini nilikuwa nikifua nguo safi. Kwa miaka 22 tumeitana Baba Neema na Mama Neema, na bila Neema katikati nilikuwa sijui tutaanzia wapi.

Ndipo akasema, taratibu, akitazama maji: "Usiku ule mama alipofariki, wewe ulikuwa zamu."

Ilikuwa imepita miaka minne. Mama mkwe wangu alifia nyumbani kwetu, mikononi mwa mwanawe, nami nilikuwa kazini nikiwahudumia mama za watu wengine. Simu yangu ilikuwa kabatini, kama taratibu zinavyotaka. Tulizika, tukaanua tanga, tukarudi kazini. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Na mimi sikuwahi kumwuliza. Kila jambo hilo lilipokaribia mlango, nilikuwa na zamu, au kikao, au mboga jikoni.

Sikujitetea. Nilitaka, ila nilimeza maneno. Nilimwuliza, "Aliniulizia?" Akasema, "Aliuliza kama umekula." Tulilia wote wawili, watu wazima kando ya bahari, na hakuna aliyetuita.

Kesho yake aliniingiza majini. Sijui kuogelea. Nilivaa dera, kwa kuwa kijijini pale, kama kwetu Kondoa, tunaishi na Waislamu na heshima ya mavazi si jambo la kuambiwa mara mbili. Maji yalinifika kifuani. Alinishika mgongoni akasema nilale. Mara tatu nilikakamaa nikazama, nikanywa maji ya chumvi. Mara ya nne niliacha kujikaza, na maji yakanibeba.

Ya kubeba nyumbani

Kwa wanaofikiria safari kama hii, nawaachia haya machache. Waulize wenyeji saa za maji kujaa na kupwa, maana hubadilika kila siku kwa kama dakika 50. Usitembee mbali wakati maji yanarudi, na mtoto asiingie baharini hata kidogo bila mtu mzima wa kumtazama yeye tu. Vaa viatu vya mpira. Kunywa maji mengi na ujikinge na jua, kwani weusi wetu hautoshi. Mabega yangu yalibabuka. Kama unatumia dawa za presha, beba za kutosha, wala usiziache kwa sababu umejisikia vizuri. Na nunua kitu kwa wanawake wa kijiji, kwa sababu mapumziko yako yameegemea migongo yao.

Lakini sikuandika ili kila mama auze mbuzi aende Paje. Wengi hatutaweza, na mimi sijui kama nitarudi. Yesu aliwaita wanafunzi wake waende faraghani wakapumzike kidogo, na walikwenda mahali pasipo na watu tu. Sisi Kondoa mahali pa namna hiyo panatuzunguka. Watalii huja kutoka mbali kuiona michoro ya mapangoni Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mimi nilikuwa sijafika tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Sasa kila Jumamosi nisipokuwa zamu, jua likipungua, mimi na mume wangu tunashuka mtoni. Kiangazi hakuna maji, ni mchanga mtupu. Tunakaa juu yake. Siku nyingine tunazungumza, siku nyingine hatusemi kitu. Presha yangu imeshuka, ingawa dawa bado naendelea nazo. Jirani mmoja alipotuona aliuliza kama tumepoteza kitu pale mchangani.

Baba Neema akamjibu, "Tulipoteza. Tunaendelea kukiokota."