Matairi ya Theluji au Mabati ya Mama?

Kila mwaka ifikapo mwezi wa kumi, familia nyingi za Kiafrika zinazoishi katika nchi za baridi hukabiliwa na swali ambalo kwetu Njombe halipo: je, tununue matairi ya theluji, au tuendelee na haya haya tuliyo nayo? Swali hili laonekana dogo, tena la akina baba na mafundi wa gereji. Lakini kwa kuwa linagusa mfuko wa nyumba, usalama wa watoto, na ahadi tulizowapa wazazi wetu, ni swali la mama pia.

Sisi tunaishi Minnesota, kaskazini ya Marekani, jirani na mji wa Minneapolis. Tunasema "sisi" kwa sababu uamuzi tunaousimulia tuliufanya wawili, mke na mume, tukiwa tumeketi mezani na daftari la matumizi mbele yetu. Mmoja wetu ni muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzake anafanya kazi ya mchana katika ghala. Tuna watoto watatu na magari mawili madogo ambayo si mapya. Siku ya Jumapili gari moja huwapitia pia bibi wawili wa usharika wetu ambao hawawezi tena kuendesha wenyewe.

Ziko nchi ambazo serikali imekwisha kuamua jambo hili. Katika jimbo la Quebec, Kanada, sheria iliyoanza mwaka 2008 inadai matairi ya majira ya baridi, na sasa kipindi chake ni tangu tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Sweden inayadai tangu tarehe 1 Desemba hadi tarehe 31 Machi barabara zikiwa na theluji au barafu. Ujerumani haitaji tarehe, bali inamkataza mtu kuendesha bila matairi hayo hali ya barabara ikiwa ya majira ya baridi. Kwetu Minnesota, pamoja na baridi yake yote, hakuna sheria ya kumlazimisha mwenye gari dogo. Kila nyumba inaamua yenyewe.

FEDHA MOJA, MAHITAJI MAWILI

Mwezi wa kumi mwaka 2024 fundi alitupigia hesabu. Matairi manne ya theluji pamoja na rimu zake za chuma, kuyafunga na kuyabalansi, yalifika dola 980 kwa gari moja. Kwa magari mawili ilikuwa karibu dola 2,000. Nasi katika akiba yetu tulikuwa na dola 1,100 tu, na kati ya hizo dola 800 zilikuwa na mwenyewe. Tulikuwa tumemwahidi mama mkwe fedha za mabati. Nyumba yake iliezekwa siku nyingi, mabati yameliwa na kutu, na mvua ikinyesha hutega ndoo mbili katika chumba anacholala. Mvua za Njombe huanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea mpaka mwezi wa nne. Tulimwambia fedha itafika kabla ya mvua.

Baba watoto alikuwa na hoja tatu, na zote zilikuwa na uzito. Kwanza, majira ya baridi yaliyotangulia, ya mwaka 2023 na 2024, yalikuwa na theluji kidogo sana. Watoto waliweka kipande cha kutelezea karibu na mlango na hakikutumika. Pili, tumeendesha miaka tisa hapa kwa matairi ya kawaida ya majira yote, na Mungu ametulinda. Tatu, ahadi kwa mzazi ni ahadi. Alisema, "Mama hawezi kulala chini ya paa linalovuja kwa sababu sisi tunaogopa theluji ambayo haijanyesha."

Upande wa pili nao ulikuwa na yake. Majira ya mwaka 2022 na 2023 uwanja wa ndege wa Minneapolis na St. Paul ulipima inchi 90.3 za theluji, yaani zaidi ya mita mbili kwa jumla, na hakuna mtu aliyetujulisha mapema kwamba ingekuwa hivyo. Majira hayo hayo, asubuhi ya Jumapili moja ya Desemba, tulikuwa tunakwenda kanisani na watoto wawili na bibi wetu wawili ndani ya gari. Tulikuwa katika mwendo wa maili kumi na tano kwa saa, taa nyekundu mbele yetu, mguu umekwisha kukanyaga breki tangu mbali. Gari likaendelea tu kuteleza, taratibu, kama sabuni juu ya sakafu yenye maji, mpaka likasimama katikati ya njia panda. Hapakuwa na gari lililokuja. Bibi mmoja alimshika mtoto wetu mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika kanisani.

Tena iko kazi yenyewe. Dhoruba ikitangazwa, redio huwaambia watu wabaki majumbani, na wengi hubaki. Muuguzi hawezi. Katika wodi kuna mzee mwenye kisukari anayetakiwa kuchomwa insulini kwa saa yake. Kuna asiyeweza kujigeuza, ambaye lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Kuna muuguzi wa jioni aliyesimama kwa miguu tangu saa tisa alasiri, naye haruhusiwi kuondoka mpaka mwenzake afike kupokea zamu. Zamu yetu huanza saa tano usiku, saa ambayo mara nyingi magari ya kusukuma theluji bado yako kwenye barabara kuu na hayajafika mitaani kwetu.

TAIRI LENYEWE LIKOJE

Kabla ya kuamua tulitaka kufahamu tunanunua nini, maana jina zuri la dukani si sababu ya kutoa fedha.

Tofauti ya kwanza iko katika mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa baridi inapozidi, kama ndala iliyosahauliwa nje usiku wa baridi ya mwezi wa saba kule Makete. Mpira uliokakamaa haushiki barabara vizuri, hata kama barabara ni kavu. Mpira wa tairi la majira ya baridi umechanganywa ili ubaki laini. Mafundi husema joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, tairi la baridi huanza kuwa na faida. Hapa kwetu joto huwa chini ya hapo kwa miezi mingi, na tarehe 30 Januari mwaka 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri.

Tofauti ya pili ni kashata za tairi. Tairi la theluji lina kashata za kina, na juu ya kila kashata kuna mikato mingi myembamba inayouma theluji. Anayekumbuka barabara za udongo za Njombe wakati wa mvua ataelewa mara moja. Gari lenye vipara lilikwama mlimani, na lenye kashata nzuri lilipita polepole likaenda zake.

Alama ya kutafuta ubavuni mwa tairi ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye alama hiyo limejaribiwa katika theluji. Herufi M na S peke yake, ambazo matairi mengi ya majira yote yanazo, hueleza tu mpangilio wa kashata, na si ushahidi wa jaribio hilo.

Tulijifunza pia kwamba gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huondoka vizuri katika theluji, lakini halisimami upesi kuliko mengine. Wakati wa kusimama, magari yote yanategemea mpira unaogusa barabara. Na hakuna tairi lolote linaloondoa hatari ya barafu. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka kama mara nne, hata uwe na matairi ya bei gani.

TULIVYOAMUA

Tulizungumza jioni tatu. Jioni ya tatu tuliacha kuulizana kama theluji itanyesha, kwa maana hilo hatukuwa na uwezo nalo, tukaulizana: katika nyumba hii, ni nani asiyeweza kubaki nyumbani siku ya dhoruba, na ni nani anayepanda gari lake? Hapo mambo yakawa mepesi. Baba watoto ghalani kwake anaweza kupiga simu na kusubiri barabara isafishwe. Watoto siku hiyo shule hufungwa. Asiyeweza kusubiri ni muuguzi, na gari lake ndilo linalobeba watoto na bibi zetu Jumapili. Basi gari moja lingefungwa matairi ya theluji. La pili lingebaki na yake, na siku ya dhoruba lingebaki limeegeshwa.

Tulifikiria pia njia ya katikati. Yako matairi yanayokaa kwenye gari mwaka mzima na bado yana ile alama ya mlima. Hayo humpunguzia mtu gharama ya kununua seti mbili na kubadilisha mara mbili kwa mwaka. Kwa mama anayezunguka mjini tu, mchana, katika barabara zinazosafishwa mapema, tunadhani yanatosha. Kwa safari za usiku tuliona afadhali yale ya baridi hasa.

Likabaki jambo gumu. Dola 980 zikitoka, mabati hayapo. Tulikataa kumtumia mama nusu ya fedha bila maneno, na tulikataa kumtajia sababu ya uongo. Tulimpigia simu wote wawili. Baba watoto alimsalimia, akamweleza habari ya kazi ya usiku, habari ya njia panda, habari ya matairi.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hayo matairi yanakaa muda gani?"

"Majira manne au matano, mama, tukiyatunza."

"Na mabati yangu?"

"Mwezi wa pili."

"Mvua itakuwa imeninyeshea miezi mitatu."

"Ndiyo, mama."

Akasema, "Haya. Mkwe wangu asiendeshe usiku juu ya kitu kinachoteleza. Lakini mwezi wa pili uwe wa pili."

Tulimtumia dola 100 siku ile ile ili fundi azibe matundu makubwa kwa muda. Kuanzia hapo tulifunga mkanda. Hatukununua nguo mpya za Krismasi, na zamu mbili za ziada zilifanywa Januari. Fedha za mabati zilifika Njombe tarehe 20 Februari mwaka 2025. Ni kweli kwamba mvua ilikuwa imemnyeshea, na hatuwezi kusema uamuzi wetu haukumgharimu mtu. Ulimgharimu mama, naye aliukubali akijua.

Je, matairi yalituletea faida? Majira yale theluji haikuwa nyingi, na baba watoto alitutania zaidi ya mara moja. Kisha mwanzoni mwa Machi ikaja mvua, ikageuka theluji yenye upepo mkali. Usiku ule safari ya dakika ishirini na tano ilichukua saa moja na nusu. Tulipita magari mitaroni. Gari letu liliteleza mara moja tu, kidogo, likashika. Muuguzi wa jioni alipokea koti lake, akasema asante, akaenda kulala kwenye kochi la chumba cha wafanyakazi, maana yeye hakuwa na matairi ya kumrudisha kwake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa akina mama mlioko katika nchi za theluji, haya machache yametufaa.

Kwanza, zungumzeni mapema, mwezi wa tisa au wa kumi. Theluji ya kwanza ikishaanguka, foleni ya gereji huwa ya majuma, na mke na mume huzungumza kwa hofu badala ya hesabu.

Pili, fungeni yote manne. Mawili ya mbele peke yake huweza kufanya sehemu ya nyuma ya gari itupwe kando kwenye kona.

Tatu, mkinunua yaliyotumika, pimeni kashata. Zikiwa chini ya milimita 4, tairi la theluji limepoteza nguvu yake kubwa. Someni pia tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3521 maana yake ni juma la 35 la mwaka 2021.

Nne, pimeni upepo mara kwa mara. Baridi ikizidi, upepo ndani ya tairi hupungua bila tundu lolote.

Tano, yavueni majira ya kuchipua yakifika, kwa sababu joto huyamaliza upesi.

Na kwenu akina mama mlio nyumbani, wenye mabinti na wakwe huku mbali: mwezi ambao fedha haikufika, msifanye haraka kudhani mmesahauliwa. Ulizeni. Nasi tulio huku tusiogope kueleza, hata kama jambo lenyewe, kama tairi la theluji, linahitaji maelezo marefu kwenye simu. Mzazi anayeelezwa ukweli anaweza kuchukua mzigo pamoja nasi, na kudai mwezi wa pili uwe wa pili.

Bwana awalinde nyote barabarani, za lami, za udongo na za barafu.