Swali la Hitimani

Katika hitima moja hapa London mwezi uliopita, mama mmoja wa makamo aliniuliza: "Mwanangu, huko maabara mnapika nini hasa?" Nilijibu kwa mkato, sinia la biriani likawasili, na mazungumzo yakahama. Swali lake halikunitoka.

Tukitaka kujua protini fulani ina kazi gani ndani ya seli, twaweza kuizuia kwa kemikali iliyoundwa kuikamata hiyo tu, kisha tukatazama kitakachoharibika. Kemikali hiyo si dawa, bali ni chombo cha kuulizia. Ikikamata na protini nyingine, jibu tulipatalo huwa la swali ambalo hatukuliuliza.

Nilipokuwa mgeni kazini nilitumia LY294002, iliyotangazwa mwaka 1994 kuwa kizuizi cha kimeng'enya cha PI3K. Niliitia kwa kipimo cha maikromola 50, kwa kuwa waliotangulia walifanya hivyo. Sikuuliza kwa nini, na aibu hiyo ni yangu. Seli zikafa, nami nikafurahi. Msimamizi wangu, bibi mpole, aliniuliza jambo moja tu: je, nimejaribu kizuizi cha pili, chenye umbo tofauti? Nikajaribu. Seli hazikufa. Kumbe LY294002 huzuia pia mTOR, CK2 na protini za BET. Kazi ya miezi kumi na minne ikafungiwa kabatini.

Mimi nilipoteza muda tu. Iniparib, iliyodhaniwa kuzuia PARP, ilijaribiwa kwa wanawake 519 wenye saratani sugu ya matiti. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba jaribio halikufikia lengo. Mwaka uliofuata wachunguzi wakaonyesha kuwa haikuwa kizuizi cha kweli cha PARP, bali ilishikana ovyo na protini nyingi. Vizuizi vya kweli navyo vikatiliwa shaka kwa sababu yake, hata olaparib ilipoidhinishwa mwaka 2014.

Tangu mwaka 2015 ipo Chemical Probes Portal, ambamo mabingwa huzipa kemikali hizi nyota na kutaja kipimo kifaacho, ambacho mara nyingi hakizidi maikromola 1. Siku hizi sifungui chupa kabla ya kutazama humo.

Yule mama, nimeambiwa baadaye, alikuwa amemaliza matibabu ya saratani ya titi. Jumapili nitakwenda kwake, inshallah, nimjibu.