Safari ya Chupa Tupu

Sehemu kubwa ya aushi yangu niliitumia katika idara ya ununuzi na ugavi ya kiwanda kimoja cha vinywaji baridi jijini Dar es Salaam, na katika kazi hiyo nilishuhudia jambo moja likigeuka mbele ya macho yetu, taratibu mno hata wengi hawakulitambua: chombo kilichokuwa mali ya kiwanda, kikiandikwa daftarini, kikitafutwa kilipopotea na kurudishwa kilipokwisha tumika, kikawa taka isiyo na mwenyewe. Chombo hicho ni chupa. Napenda kuisimulia habari yake maadamu wangali hai wanaoikumbuka, na kwa kuwa naamini ndani yake mna funzo kwa kila aliyekabidhiwa dhamana ya kununua kwa niaba ya wengine.

Nilipoingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1970, soda ilisafiri katika kreti za mbao zenye vyumba 24, na chupa ya kioo ilikuwa na thamani kubwa kuliko kinywaji kilichomo. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliuza soda na kuazimisha chupa. Wakala aliyepewa shehena aliweka amana ya chupa na ya kreti, na amana hiyo iliandikwa katika stakabadhi mbali na bei ya soda. Mwenye duka naye alimdai mnunuzi amana, au alimtaka anywe palepale barazani, au alete chupa tupu ndipo apewe iliyojaa. Mtoto aliyetumwa soda alitumwa na chupa mkononi, na aliusiwa njia nzima asiivunje. Lori lililopeleka kreti zilizojaa Morogoro au Dodoma halikuthubutu kurudi tupu, kwani dereva alibeba hati yenye safu mbili, moja ya alichokwenda nacho na ya pili ya alichorudi nacho, na karani wa lango hakumfungulia mpaka safu zote mbili zikubaliane na macho yake.

Nyuma ya bohari palikuwa na uwanja mpana wa chupa tupu, na pale ndipo nilipojifunza kazi. Chupa zilipangwa kwa umbo na rangi, kisha zilinuswa, kwa kuwa watu walikuwa na desturi ya kutia mafuta ya taa katika chupa za soda, na chupa iliyoonja mafuta ya taa haikusafika tena kwa mdomo wa binadamu. Zilizosalimika zilipita katika mashine ya kuoshea, penye maji ya moto yenye kostiki, na zilipotoka zilipitishwa mbele ya mwanga mweupe, ambapo wachunguzi, aghalabu wanawake wenye subira na macho makali, waliziondoa zenye ufa au uchafu, wakipokezana kila baada ya muda mfupi kwa sababu jicho huchoka likitazama mwendo mmoja. Hata zilizovunjika hazikutupwa. Vigae vyake vilikusanywa na kuuzwa kwa watengenezaji wa chupa, kwani kioo kilichokwisha kuwa kioo huyeyuka kwa moto mdogo kuliko mchanga, magadi na mawe ya chokaa, na kadiri tanuri linavyolishwa vigae ndivyo linavyokula mafuta machache. Chupa njema iliweza kwenda na kurudi safari ishirini na zaidi kabla ya kustaafu, na baada ya kustaafu ilizaliwa upya.

Mkuu wangu wa kazi, mtu wa Tanga aliyetufundisha kwa upole na kwa hesabu, alituhimiza tusihesabu chupa tu, tuhesabu na siku zake. Tuseme, alisema, kiwanda hujaza kreti 1,000 kila siku, na chupa hurudi baada ya siku 20: basi kitahitaji kreti 20,000 zilizo njiani, kwa mawakala, madukani na majumbani, ili mashine isisimame. Mawakala wakizembea, chupa zikarudi baada ya siku 30, zitahitajika kreti 30,000. Na zile kreti 10,000 za ziada ni chupa 240,000 ambazo mnunuzi atapaswa kuziagiza na kuzilipia, ilhali wanywaji hawakuongezeka hata mmoja. Kumbe njia ya bei nafuu ya kununua chupa mpya ni kuiharakisha ile ya zamani irudi. Tangu siku hiyo nilifahamu kwamba mnunuzi hodari hutazama barabara inayotoka kiwandani na barabara inayorejea kwa jicho moja.

Fundisho hilo lilituokoa katika miaka ya dhiki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hata 1983, na vipuri tulivyozoea kuvipata Nairobi vikawa vya kuagizwa ng'ambo. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, na 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani kote. Fedha za kigeni zikaadimika; kila kitu cha nje, kiwe kostiki, visoda vya kufunikia chupa, au dawa ya ladha, kilisubiri leseni na mgawo wa Benki Kuu, na maombi yetu yalipanga foleni pamoja na ya dawa za hospitali na mafuta ya matrekta, ambayo kwa insafu yalistahili kutangulia. Katika hali hiyo kununua chupa mpya ilikuwa ndoto, lakini kiwanda hakikufa, kwa sababu chupa zilezile zilizokuwa mikononi mwa watu ziliendelea kurudi. Wakala asiyekuwa na chupa tupu hakupewa iliyojaa, awe nani na ajuane na nani. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu waliogopa kuonekana na bidhaa zilizofichwa, na kreti zilizokuwa zimelala katika ghala za watu zikaanza kutufikia kwa wingi.

Baada ya 1986 milango ya biashara ilifunguliwa, maduka yakajaa, na fedha za kigeni zikapatikana kwa anayeziweza. Katika neema hiyo iliingia chupa nyingine, iliyobuniwa Marekani na mhandisi Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont, ambaye alipata hataza yake mwaka 1973: chupa ya plastiki iitwayo PET. Kwetu ilikuja kwanza na maji ya kunywa, kisha na soda. Ilifika kiwandani ikiwa mrija mnene mfupi wenye shingo tayari, ukapashwa moto na kupulizwa hewa mpaka ukawa chupa. Sina sababu ya kuikashifu. Chupa ya nusu lita ilikuwa na uzito wa gramu ishirini na kitu, ilhali ya kioo, ndogo kuliko hiyo, ilipindukia gramu mia tatu. Haikuvunjika njiani, haikumkata mtoto, na iliweza kumfuata msafiri ndani ya basi mpaka Kigoma. Mashine ya kuoshea haikuhitajika, wala kostiki, wala maji mengi ya kusuuzia, wala uwanja wa chupa tupu.

Nakumbuka vema namna hesabu ilivyofanywa mezani. Tulilinganisha bei, uzito, nauli ya lori na mishahara ya waoshaji, na kila safu ilipojumlishwa plastiki ilishinda. Lakini hapakuwa na safu ya chupa baada ya kunywewa. Chupa ya kioo ilikuwa na safu hiyo tangu zamani, kwa sababu ilikuwa mali yetu. Ya plastiki iliondoka langoni ikiwa imeuzwa pamoja na kilichomo, na kwa kalamu moja kiwanda kilijivua uchungaji wa chombo chake. Gharama ya kukirudisha haikufutika. Iliwaangukia wengine: manispaa iliyozibua mitaro, mvuvi aliyevua plastiki pamoja na dagaa, na mkazi wa bonde la Msimbazi aliyeona maji ya masika yakimletea chupa mlangoni.

Na iliwaangukia zaidi waokota chupa. Alfajiri utawaona, kina mama na vijana, viroba mgongoni, wakipita majalalani na ufukweni. Wao ndio walioirithi kazi ya makarani, madereva na wapanga chupa wa uwanja wetu, bila mshahara, bila viatu vya kazi, bila glavu, wakilipwa kwa kilo na mnunuzi apangaye bei apendavyo. Nilizungumza na baadhi yao baada ya kustaafu, nao walinieleza jinsi bei ilivyoshuka ghafla bila wao kujua kisa. Mwanzoni mwa 2018 China, iliyokuwa ikipokea taka za plastiki kutoka pande zote za dunia, ilifunga milango yake kwa taka hizo, na tangazo lililotoka Beijing likampunguzia chakula mama wa Tandale. Njia ya kurudi iliyokuwa ya barabara za humu nchini ilikuwa imepotoka mpaka ng'ambo ya bahari, na pale ilipokatwa hapakuwa na wa kumpigania aliyeko mwisho wake.

Walakini njia hiyo haijafa kabisa. Bia hapa kwetu ingali ikiuzwa katika chupa za kurudishwa, na baadhi ya soda pia. Mtungi wa gesi ya kupikia hupelekwa mtupu na kubadilishwa kwa uliojaa, na hakuna anayeutupa mtaroni, kwa sababu unayo thamani na mwenyewe anajulikana. Huko Ujerumani, tangu 2003, sheria imeweka amana juu ya chupa za plastiki na makopo, senti 25 za yuro kwa kila moja, na zaidi ya tisa katika kila kumi hurudi. Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya usimamizi wa taka inayomtwika mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika. Tanzania iliondoa mifuko ya plastiki madukani kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na watu waliodhani biashara haitawezekana waliona vikapu vikirejea sokoni. Haya yote yanathibitisha kwamba chombo hurudi pale kinapopewa thamani na mwenye kuwajibika, na hupotea pale kinapokosa vyote viwili.

Kwa hiyo nasema nanyi, vijana wa ununuzi na ugavi, mliosoma zaidi yetu na mnaofanya kwa kompyuta hesabu tulizofanya kwa penseli. Rudisheni ile safu iliyofutwa. Kabla hamjatia sahihi ya kununua chombo chochote, kiwe chupa, pipa, betri au mfuko, ulizeni kitarudi kwa njia gani, baada ya siku ngapi, kwa gharama ya nani, na nani atalipwa kwa kukirudisha. Kama jibu ni kwamba atakiokota maskini, basi bei mliyoandikiwa katika ankara si bei kamili, na ni haki mkatae kuitia sahihi mpaka ikamilishwe.