Mkufunzi Aliyekaa Nyuma ya Darasa

Mke wangu alipofariki, nilikaa karibu miezi minane bila kuweza kusali. Kanisani nilikwenda. Walipoimba nilisimama, walipoomba niliinama, lakini moyoni mlikuwa kimya kama darasa wakati wa likizo. Jioni moja jirani yangu hapa Tunduma, mama anayeuza mchele karibu na mpaka, alikuja kuniuliza: "Mwalimu, kwa nini Mungu anaacha wanaompenda wajaribiwe?" Naye alikuwa na yake. Maskini, alidhani ninalo jibu.

Kwa miaka mingi nilikuwa nalo. Niliwaambia wanachuo wangu kwamba majaribu ni mtihani, na hakuna apandaye darasa bila mtihani. Ni jibu zuri mpaka mtihani ukufike mwenyewe. Mwalimu hutoa mtihani kwa kuwa hajui kilichomo kichwani mwa mwanafunzi. Mungu anajua, sasa anatafuta nini? Hata Ayubu, ukimsoma hadi mwisho, hakuelezwa sababu ya mateso yake. Waliokemewa ni rafiki zake, wale wenye majibu tele. Hapo nilijiona mmoja wao.

Nikakumbuka habari za Mbozi, jirani zetu. Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walianza kazi pale mwaka 1899 wakiongozwa na Traugott Bachmann, aliyejifunza Kinyiha na kulitafsiri Agano Jipya. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka mpaka kutoka kusini, na wamisionari wakaondolewa. Waumini wakabaki na walimu na wazee wao wenyewe, katikati ya vita, na baadaye ile homa kuu ya 1918. Waskoti wa Livingstonia walipewa kuyaangalia makanisa ya upande huu, lakini Wamoravian hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Ingekuwa rahisi kusema Mungu ameondoka na Wajerumani. Kanisa halikufa. Sisemi kwamba Mungu alileta vita ili alikomaze. Vita waliileta wakubwa wa Ulaya, na wapagazi waliofia njiani wasingependa kusikia maneno hayo. Nasema tu kwamba imani iliyokuwa ya wageni ikawa yao.

Kazini nililiona jambo kama hilo kila mwaka, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo anakwama ubaoni, chaki inatetemeka, watoto wameanza kucheka. Anamtazama mkufunzi aliyekaa dawati la nyuma, naye mkufunzi ameinamia daftari lake, hasemi neno. Si kwamba hajali. Nimekaa dawati lile mara nyingi, na mara kadhaa nilitokwa jasho kuliko yule wa mbele. Ningesimama nimsaidie, kipindi kingekuwa changu. Wako walionichukia kwa ajili ya ukimya ule, na siwalaumu.

Nilimweleza mama yule habari ya dawati la nyuma. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi leo amekaa mbali sana, Mwalimu." Nikamwambia hata kwangu ni hivyo hivyo. Kabla hajaondoka alianza Baba Yetu, polepole, nami nikamfuata. Sikufika mwisho. Alinimalizia yeye.