Bendi ya Mjini, Muziki wa Shamba: Nashville na Kwetu

Hapa Nashville ninapoishi, muziki wa kantri una wenyewe. Kuna mitaa ya studio inayoitwa Music Row. Kuna makumbusho makubwa, Country Music Hall of Fame, yanayowaenzi walioingia katika orodha ya heshima. Kuna Ryman, jengo lililofunguliwa mwaka 1892 kama nyumba ya mikutano ya Injili, ambalo kuanzia 1943 hadi 1974 lilikuwa makao ya Grand Ole Opry, onyesho la redio lililowafikisha waimbaji wa kantri katika kila pembe ya Marekani. Ukimuuliza mtu wa hapa kama wimbo fulani ni kantri halisi au la, jiandae kukaa naye mpaka usiku.

Katika mji wenye walinzi wengi namna hiyo, mwezi Machi 1968 iliingia bendi ya roki kutoka Los Angeles, The Byrds, kuja kurekodi albamu ya kantri. Albamu hiyo, Sweetheart of the Rodeo, naisikiliza mara kwa mara, na kila nikiisikiliza mawazo yananirudisha Dar es Salaam, kwa bendi za dansi za Msondo na Sikinde. Bendi zetu nazo zilichukua muziki wa shambani zikaupigia gitaa la umeme. Kazi ni ile ile. Namna ya kuifanya, mapokezi yake, na majina yaliyobaki yakitajwa baada ya kazi ndivyo vinavyotofautiana, na katika tofauti hizo naona kila upande una la kumfunza mwenzake.

Walivyobisha hodi

The Byrds walipata umaarufu mwaka 1965 kwa gitaa la nyuzi kumi na mbili la Roger McGuinn na wimbo wa Bob Dylan, "Mr. Tambourine Man". Kufikia mwanzo wa 1968 waanzilishi waliobaki walikuwa wawili, McGuinn na mpiga besi Chris Hillman. McGuinn alikuwa na ndoto ya albamu ya santuri mbili itakayosimulia historia nzima ya muziki wa Marekani, kuanzia ule wa kale wa milimani hadi ule wa mitambo ya kielektroniki. Ndipo wakamchukua kijana wa miaka 21 aliyekulia Georgia, Gram Parsons. Parsons aliipenda kantri kwa moyo wake wote, na Hillman mwenyewe alianzia kwenye mandolini ya bluegrass, tawi la kantri, kabla ya kushika besi. Wawili hao wakamvuta McGuinn, na ile historia ndefu ikawa albamu ya kantri.

Ninachowaheshimia ni hatua iliyofuata. Hawakubaki California wakaiga kwa mbali. Walifunga safari hadi studio za Columbia, Nashville, wakawaomba mafundi wa mji huu wapige pamoja nao. Lloyd Green alikuja na gitaa lake la chuma, lile linalolazwa mbele ya mpigaji, likavutwa sauti kwa pedali na kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. John Hartford alikuja na banjo na fidla. Green amesimulia kwamba alipouliza apige sehemu zipi za wimbo, aliambiwa apige kila mahali. Kwa fundi aliyezoea kuitwa, kupewa nafasi yake ndogo na kuondoka, hiyo ilikuwa heshima.

Studio za hapa zina utaratibu wake. Mafundi hukodiwa kwa vipindi vya saa tatu. Badala ya nota, wengi huandika kodi za wimbo kwa namba, ili mwimbaji akitaka kupanda au kushuka sauti, namba zibaki zile zile na kila mtu ahame naye papo hapo. Mpiga gitaa mmoja anaweza kumpigia mwimbaji huyu asubuhi na mwingine jioni. Kwetu, katika miaka ile, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Bendi iliingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam ikiwa kamili, mpiga solo, rithimu, besi, tumba, drams, tarumbeta na waimbaji wake, ikapiga kama inavyopiga ukumbini. Ufundi ulikuwa mali ya kikosi, na kikosi kilijulikana kwa mtindo wake.

Studio iliwapokea, jukwaa likawakataa

Tarehe 15 Machi 1968 The Byrds walipanda jukwaa la Opry pale Ryman. Walikuwa wamekubaliana na waandaaji kuimba nyimbo mbili za Merle Haggard. Baada ya wimbo wa kwanza, Parsons akabadili mpango bila ruhusa: akaimba "Hickory Wind", wimbo wake aliotunga na Bob Buchanan, akamtunukia bibi yake. Wenye jukwaa walikasirika, na sehemu ya watazamaji ilikuwa imekwisha kuwazomea vijana hao kwa nywele zao ndefu. Mtangazaji maarufu wa redio ya mji, Ralph Emery, naye aliwapokea studioni kwake kwa dharau.

Mtu anaweza kudhani tatizo lilikuwa roki kuingia Nashville. Lakini Bob Dylan alikuwa amekwisha kurekodi hapa mwaka 1966 na tena 1967, na mafundi wale wale wa studio walimpigia vizuri. Mafundi hawakujali nywele. Walijali kama wimbo umeshikika. Ugumu ulikuwa jukwaani na redioni, mahali ambapo kantri ilikuwa imegeuka kitambulisho cha watu. Vita vya Vietnam vilikuwa vimeigawa nchi, na nywele za kijana zilisomwa kama kadi ya chama. Watu wa Opry walijiona wanalinda nyumba yao. Nao vijana mashabiki wa roki waliona bendi yao imehamia upande wa pili. Albamu ilipotoka mwishoni mwa Agosti 1968 ilifika nafasi ya 77 tu katika chati ya Billboard, chini kuliko albamu zote za The Byrds zilizotangulia.

Kufikia hapo Parsons alikuwa ameshaondoka. Mwezi Julai, wakiwa London, alikataa kwenda na wenzake Afrika Kusini, akasema hatapiga katika nchi ya ubaguzi wa rangi. Baadaye Hillman alitilia shaka kama hiyo ndiyo sababu yake ya kweli. Hata hivyo wenzake walikwenda, na mimi niliyetoka nchi iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU naona yule aliyebaki London alifanya lililo sawa, sababu zake zozote ziwe zipi.

Kwetu ngoma ilifunguliwa mlango

Sasa tuje nyumbani. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, alisikitika bungeni kwamba watu wengi walijua kucheza rumba na chachacha huku hawajawahi hata kusikia gombe sugu, mangala au lele mama. Watu wa dansi walikuwa na jibu lao. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa 1964, ilijulikana kwa mtindo wa Msondo, jina la ngoma ndefu ya unyagoni. Mlimani Park ilipozaliwa 1978, ikiwa na wanamuziki kama Muhiddin Maalim Gurumo na Michael Enoch, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Upande wa ziwa, Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati aliyefanya kazi yake kubwa Kenya, alikuwa miongoni mwa walioipa benga umbo lake, na ndani ya gitaa la benga mnasikika mwendo wa nyatiti ya Wajaluo.

Hakuna aliyewazomea. Kwa nini? Naona sababu ni kwamba mtu wa Dar es Salaam wa wakati ule alikuwa hajatengana na shamba. Alifanya kazi bandarini au kiwandani, na mwisho wa wiki alikwenda Kisarawe au Mkuranga kwenye ngoma ya ukoo. Jumamosi ukumbini, wimbo ulipoanza taratibu alisikiliza maneno. Ulipofika kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea, miguu yake ilitambua kitu ilichokijua tangu utotoni. Bendi haikuhitaji kuomba ruhusa kwa wenye ngoma, kwa sababu wenye ngoma ndio waliolipa kiingilio.

Kuta zetu zilikuwa kwingine, na zilijengwa na serikali. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka mmoja tu kabla yake, The Byrds walikuwa wamechukua "You Don't Miss Your Water", wimbo wa soul wa William Bell wa Memphis, wakaufanya kantri, na gitaa la chuma likiulilia. Memphis na Nashville ni miji ya jimbo moja, Tennessee, na kati yake ni kama kilometa 340. Wiki chache baada ya bendi kumaliza kurekodi Nashville, Martin Luther King aliuawa Memphis. Katika majira kama hayo, kuuweka wimbo wa mtu mweusi ndani ya albamu ya kantri kulionyesha kwamba muziki wa maskini weupe na wa maskini weusi wa Kusini ulinywa maji ya mto mmoja. Banjo yenyewe ina asili ya Afrika Magharibi. Aliyepiga marufuku soul Dar alidhani anafukuza kitu cha kigeni, kumbe alikuwa anamfungia mlango ndugu aliyepotea siku nyingi.

Majina yako wapi?

Hapa ndipo Nashville inapotuzidi, na nalisema kwa uchungu. Chukua Sweetheart of the Rodeo uangalie watunzi: William Bell yupo, Merle Haggard yupo, Woody Guthrie yupo, ndugu wawili wa Louvin wapo. Kila jina lina njia ya kulipwa. Sheria yao ni kali hata inaumiza: sauti ya Parsons iliondolewa katika baadhi ya nyimbo na kuimbwa upya na McGuinn, kwa sababu Lee Hazlewood, mwenye kampuni ambayo Parsons alikuwa amefunga nayo mkataba kabla ya kujiunga na bendi, alidai haki yake.

Wao pia si malaika. DeFord Bailey, mtu mweusi aliyepiga kinanda cha mdomo na kuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa Opry, aliachishwa kazi 1941. Aliingizwa katika Country Music Hall of Fame 2005, wakati alikuwa amefariki tangu 1982. Lakini kumbukumbu ilikuwepo, ndiyo maana deni liliweza kudaiwa.

Kwetu, vyombo vilikuwa vya shirika na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Akihama bendi aliacha gitaa, na mara nyingi aliacha hata nyimbo zake. Na kama huyo wa mjini alipata shida, vipi kuhusu mzee wa Kizaramo ambaye ngoma yake ilitoa jina na mapigo? Nani aliandika jina la kijiji, au la fundi aliyewamba ngozi?

Kuna kisa kimoja kinachoziunganisha pande hizi mbili kikamilifu. Jimmie Rodgers wa Mississippi, anayeitwa baba wa kantri, alifariki 1933. Santuri zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya, nao wakamtungia nyimbo wakimwita Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizirekodi. Katika ule uliopendwa zaidi, kiongozi alitajwa, Chemutoi Ketienya. Wenzake wakaandikwa kwa jumla kuwa wasichana wa Kipsigis. Sauti zao zimezunguka dunia nzima. Jina la mwanamume wa Mississippi lilivuka bahari mpaka Bonde la Ufa likahifadhiwa ndani ya wimbo. Majina ya wasichana wale hayakuvuka kurudi. Miaka mingi baadaye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey Afrika Kusini ilishirikiana na wanamuziki wa Kenya kuzirudisha rekodi kwa jamii zilizoimba. Mtu mmoja akiandika jina na mahali siku ya kurekodi, vizazi vinavyofuata vinapata pa kuanzia.

Tubadilishane

Nashville ingejifunza kwetu kufungua mlango. Mgeni njoo mwenyeji apone: albamu ya bendi iliyozomewa ndiyo iliyoiletea kantri mashabiki wapya. Kutoka kwayo Parsons na Hillman walikwenda kuunda Flying Burrito Brothers, na mkondo mzima wa roki yenye kantri ukafuata. Mwaka 2018, miaka 50 baadaye, McGuinn na Hillman waliizungusha albamu hiyo majukwaani wakiwa na Marty Stuart, mtoto halisi wa kantri, wakashangiliwa. Nusu karne ni muda mrefu wa kusubiri jambo ambalo Mlimani Park ililipata tangu usiku wa kwanza.

Sisi tujifunze kuandika. Namsema kijana wa singeli anayekata kipande cha taarabu akakiongezea kasi, na bendi inayochukua wimbo wa mavuno wa Wagogo au wa harusi wa Wamakonde. Chukueni, muziki haufi kwa kuchukuliwa. Ila nendeni kwa wenyewe kama The Byrds walivyokwenda kwa Lloyd Green, mkae nao, muwaombe wapige pamoja nanyi, muwalipe siku hiyo hiyo. Kisha katika maelezo ya wimbo, YouTube na kwenye fomu za COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, andikeni jina la ngoma, jina la kijiji na jina la kila aliyepiga na kuitikia. Neno "asili" peke yake lisitoshe tena, kwa sababu kila wimbo wa asili uliimbwa na mtu mwenye jina, na mtu huyo ana wajukuu.