Kiungo na Mtu Mzima: Vibonzo vya Tashtiti na Utunzi wa Riwaya ya Mapenzi ya Kihistoria

Katika insha hii fupi ninakusudia kueleza ni kwa nini mtunzi wa riwaya ya mapenzi ya kihistoria, utanzu ambao wahakiki wengi huupuuza na ambao nimejaribu kuuandika kwa miaka kadhaa, anaweza kujifunza mengi kwa wachora vibonzo, watu wasioyaamini mapenzi hata kidogo.

Nyaraka humpa mtunzi tarehe na majina. Hazimwambii jinsi wachumba walivyoketi. Vibonzo vya James Gillray (1756-1815), vilivyoanikwa kwenye dirisha la duka la Hannah Humphrey jijini London, humwambia. Tuchukue viwili vya mwaka 1805. Katika Harmony before Matrimony, kijana na msichana wanaimba pamoja, msichana akipiga kinubi. Katika Matrimonial Harmonics wamekwisha kuoana: mke anapiga piano kwa nguvu, mume amempa mgongo akisoma gazeti, na yaya analeta mtoto anayelia. Riwaya nyingi za mapenzi huishia kwenye picha ya kwanza. Gillray anatukumbusha kuwa ipo ya pili.

Hata hivyo, shahidi huyu ana chuki zake, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tashtiti humchukua mtu, ikateua kiungo chake kimoja, ikakikuza hadi mwenyewe akapotea. Mwaka 1791 Frederica, binti wa mfalme wa Prussia, aliolewa na Duke wa York. Magazeti yakausifu mno udogo wa miguu yake. Mwaka uliofuata Gillray akatoa Fashionable Contrasts: hamna nyuso wala mikono, ila viatu viwili vidogo vyenye mapambo pamoja na viatu viwili vikubwa vya kiume. Ndoa ile haikujaliwa mtoto. Wawili hao wakatengana, na Frederica akaishi Oatlands, Surrey, pamoja na mbwa wake wengi, hadi alipofariki mwaka 1820. Kibonzo hakina habari hizo.

Msomaji Mwafrika hawezi kuishia hapo. Mwaka 1810 Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka kusini mwa Afrika, alionyeshwa kwa malipo huko Piccadilly, London. Vibonzo vya mwaka huo vilimfanya kuwa makalio tu, tena vikamtumia kuwatania wanasiasa wa Kiingereza. Alifariki Paris mwaka 1815. Georges Cuvier akaupasua mwili wake, na viungo vyake vikahifadhiwa katika makumbusho. Alizikwa kwao mwaka 2002.

Masaibu ya wanawake hawa hayalingani: mmoja alitaniwa akiwa kwenye kasri, mwingine alidhalilishwa hata baada ya kufa. Lakini mbinu ya mchoraji ni ile ile. Yamkini baadhi ya wenzangu watasema kuwa riwaya ya mapenzi ni nyepesi mno kuubeba mzigo huu. Sikubaliani nao. Huu ni utanzu ambao sharti lake la kwanza ni kwamba mhusika anastahili kupendwa, na hapendwi kiungo, hupendwa mtu. Mtunzi anayeazima gauni na kinubi kutoka kwa Gillray bila kuuliza ni nani aliyekuwa akichekwa, atakuwa amejiunga na umati uliosimama mbele ya dirisha lile.