Picha Tuliyoiacha Kakuma

Kabla ya safari yetu ya Turkana, mabinti zetu walituonyesha picha za hoteli ya Opryland, mjini Nashville, Marekani, ambako bustani na maporomoko ya maji yamo ndani ya jengo, chini ya mapaa ya vioo. Wakasema: "Baba, nawe utuletee picha za hoteli utakayofikia."

Lodwar tulifikia hoteli yenye ua wa maua yanayotiliwa maji asubuhi na jioni. Nje jua ni kali, na kandokando ya mto Turkwel imesimama mikoma, ambayo makuti yake kina mama wa Kiturkana husukia vikapu, kama kwetu pwani tusukavyo majamvi kwa miyaa. Tulimwomba idhini mtunza bustani, tukapiga picha zetu.

Kesho yake tulishika njia ya Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120. Mji huo umejulikana kwa kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, lakini tangu hapo ni nchi ya wafugaji. Mto Tarach tuliukuta mkavu. Katikati ya mchanga, mama mmoja na bintiye walikuwa wamefukua kisima. Binti alingoja maji yachuruzike, akayateka kwa kibuyu, akayamimina katika dumu. Tukainua simu. Mama akatutazama, akasema kwa upole: "Baba, salamu kwanza."

Tulifedheheka. Sisi tunaowafundisha watoto madrasa adabu ya hodi na salamu, tuliomba idhini kwa ajili ya maua, tukaacha kuiomba kwa ajili ya watu. Tukaitia simu mfukoni, tukasalimu, tukamtaka radhi. Akacheka, akatukaribisha kibuyu kile kile. Tulikunywa funda moja, tukamrudishia.

Adhuhuri tulitawadha kwa birika katika msikiti wa Kakuma. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichotimia lita. Nasi kwetu bomba huachwa wazi hata tumalize kuosha miguu!

Tuliporejea, mabinti waliitaka picha ya Kakuma. Tuliwasimulia habari hii. Mkubwa wao akanyamaza kidogo, kisha akaenda stoo kulitafuta birika la bibi yake. Sasa liko karibu na bomba, na ndilo tunalotawadhia.